MZEITUNI, TUNDA LAKE NA JINA LAKE

(Mazungumzo ya redio. Masomo: Zaburi 52, Warumi 11:16-24)

  

Leo tungependa tuzungumze juu ya mti mmoja unaotajwa katika Biblia tangu kitabu cha Mwanzo mpaka Ufunuo. Mti huo ni mzeituni. Pengine wewe msikilizaji utasema, "Huo ni mti wa Wayahudi. Sisi watu wa Nyeri, wa Kapsabet au wa Narok, una habari gani nasi?" Ngoja kidogo, ndugu. Huenda hata asubuhi ya leo umeutaja mzeituni bila kujua. Tena huenda unao mmoja nyuma ya boma lako.

Jina lake

Mtu akienda kwa fundi wa gari na kumwambia abadilishe oili, ametaja mzeituni. Neno hilo tulilipata kwa Waingereza, na Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, nacho Kilatini kililitwaa kwa Wagiriki. Wagiriki waliuita mzeituni elaia, na mafuta yake wakayaita elaion. Katika nchi zile mafuta makuu yalikuwa hayo ya mzeituni, na kwa hiyo baadaye mafuta ya kila namna yakaitwa kwa jina la mti huo mmoja. Hata petroli ni hivyo hivyo. Maana yake ni mafuta ya mwamba, na nusu ya pili ya jina hilo ni ya mzeituni.

Kiswahili chetu kilipita njia nyingine. Sisi twasema zeituni kwa sababu tulilipokea neno hilo kwa Waarabu, wasemao zaytun, na mafuta huyaita zayt. Kwa Kiebrania, lugha ya Musa na Daudi, mti huo huitwa zayit. Lugha hizo mbili ni ndugu, na ndiyo sababu majina hayo yanafanana. Basi dada zetu wa pwani waitwao Zaituni wanalo jina ambalo Nuhu angelitambua, kwa maana njiwa wake alirudi jioni na jani bichi la mzeituni kinywani.

Hapa yatupasa kusema neno moja kwa uangalifu. Wako wahubiri wafundishao kwamba kwa Kigiriki neno la mafuta, elaion, na neno la rehema, eleos, ni neno moja. Wataalamu wa lugha hawaoni kwamba maneno hayo yametoka katika shina moja. Yanafanana kwa sauti tu. Injili haihitaji kuegemezwa kwa fimbo iliyooza. Hata hivyo rehema na mafuta hukutana mahali pengine, yaani katika matendo. Yule Msamaria mwema alipomkuta mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, alimimina mafuta na divai juu ya majeraha yake. Tutarudi kwa Msamaria huyu baadaye, maana ana jambo la kutufundisha.

Mti usiokufa upesi

Mzeituni si mti wa kupendeza sana kwa macho. Haukui mrefu kama msonobari. Shina lake hupindapinda, na likizeeka huwa na mashimo ndani. Majani yake ni membamba, ya kijani upande wa juu na ya rangi kama fedha upande wa chini. Hayapukutiki yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo mti huwa mbichi mwaka mzima. Huota katika nchi ya mawe na huvumilia ukame.

Lakini hukua polepole. Mtu apandaye mizeituni hungoja miaka kadhaa kabla ya kuona tunda, na miaka mingi zaidi kabla ya kupata mavuno kamili. Apandaye mzeituni huwapandia wanawe na wajukuu. Tena mti huo ukikatwa, machipukizi mapya hutoka shinani na kuuzunguka. Ndiyo picha aliyoiona mwandishi wa Zaburi ya 128, aliposema juu ya watoto waliokaa kuizunguka meza ya baba yao.

Katika bustani ya Gethsemane, chini ya Mlima wa Mizeituni ulio mashariki ya Yerusalemu, iko mizeituni 8 mikongwe sana. Mwaka 2012 wataalamu wa Italia walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya miti hiyo. Mashina matatu waliyoweza kuyapima yalionekana kuwa ya miaka ya 1092, 1166 na 1198. Mingine haikuweza kupimwa, kwa sababu ndani imekuwa mitupu. Basi mashina yale hayakuwapo usiku ule Bwana alipopiga magoti. Twajua pia kwamba mwaka 70 majeshi ya Kirumi, chini ya Tito, yaliuzingira Yerusalemu na kukata miti ya pande zote. Lakini miti ile yenye umri wa miaka karibu 900 bado inazaa matunda.

Daudi alisema katika Zaburi ya 52 kwamba yeye ni kama mzeituni mbichi katika nyumba ya Mungu. Hakuisema zaburi hiyo siku ya raha. Maneno yaliyo juu ya zaburi yatuambia ilikuwa wakati Doegi alipomchongea kwa Sauli, na makuhani wengi wakauawa kwa sababu hiyo. Daudi alimtazama mtu yule mwenye mali na ulimi mkali, akaona kwamba atang'olewa kama mmea. Kisha akajitazama mwenyewe, mkimbizi asiye na kitu, akasema kwamba yeye ndiye mti. Ndugu, je, wewe umetia mizizi wapi?

Tunda chungu

Sasa tuje kwa tunda lenyewe. Zeituni huwa kijani, kisha hugeuka zambarau, na likiiva sana huwa jeusi. Mgeni alionapo mtini hudhani ni tunda la kula papo hapo. Akilitia kinywani hulitema mara moja, kwa sababu ni chungu mno. Ili liweze kulika hulowekwa siku nyingi katika maji ya chumvi, mpaka uchungu utoke.

Watu wa Israeli walivuna zeituni baada ya joto la kiangazi, mvua za kwanza zikikaribia. Waliyapiga matawi kwa fimbo ili matunda yaanguke. Torati iliwaamuru wasirudie matawi mara ya pili. Yaliyobaki yalikuwa ya mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu la Torati 24:20). Angalieni jinsi Mungu alivyomwandikia maskini fungu lake katika kila mti.

Tunda likiisha kuvunwa, kazi bado. Zeituni zilitiwa katika jiwe kubwa lenye shimo, na jiwe lingine la mviringo likazungushwa juu yake kuziponda. Uji ule ulitiwa katika vikapu vilivyosukwa, vikapu vikapangwa kimoja juu ya kingine, kisha boriti nene iliyofungiwa mawe mazito ikavikandamiza. Mafuta yakatiririka polepole. Ili kupata lita 1 ya mafuta zilihitajika kilo 5 za zeituni, pengine na zaidi.

Mafuta hayo yalikuwa kila kitu nyumbani. Yalikuwa chakula cha kupikia na kuchovyea mkate. Yalikuwa nuru, kwa kuwa taa zao zilikuwa vijungu vidogo vya udongo vyenye utambi na mafuta ya zeituni. Yalikuwa dawa ya jeraha, na ya kupaka mwili uliokauka kwa jua. Ndiyo maana mjane wa Sarepta alipobakiwa na mafuta kidogo chupani alijua mwisho wake umekaribia. Na ndiyo maana Habakuki, alipotaka kuonyesha imani isiyotikisika, aliutaja mzeituni usiozaa, akasema kwamba hata siku hiyo atamfurahia Bwana.

Mahali pa kukandamizwa

Wengi wetu tumelisikia jina la Gethsemane tangu utoto. Maana yake ni shinikizo la mafuta, yaani mahali zeituni zinapokandamizwa. Mathayo na Marko hupataja kwa jina hilo. Luka husema tu kwamba ni katika Mlima wa Mizeituni, na Yohana husema ni bustani ng'ambo ya kijito cha Kidroni. Wote wanapasema mahali pamoja.

Katika mlima huo huo Daudi alipanda akilia, miguu mitupu, alipomkimbia Absalomu mwanawe. Juu ya mlima huo huo Bwana Yesu aliutazama mji akaulilia. Na chini yake, usiku wa kusalitiwa, aliingia mahali pa shinikizo. Luka atuambia kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu yakidondoka chini. Aliomba kikombe kimwondokee, lakini akayaweka mapenzi ya Baba juu ya mapenzi yake mwenyewe. Hapo zeituni iliyo safi kuliko zote ilikandamizwa kwa ajili yetu.

Sasa likumbukeni jina lake lingine. Kwa Kiebrania aitwa Masihi, na kwa Kigiriki Kristo. Maneno yote mawili yana maana moja: Mpakwa Mafuta. Makuhani na wafalme wa Israeli walipakwa mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na manukato kama Mungu alivyomwagiza Musa (Kutoka 30). Kila tumwitapo Yesu "Kristo" twataja mafuta hayo. Nasi tuitwapo Wakristo twabeba jina hilo hilo. Lakini Mpakwa Mafuta wetu alipita kwanza katika shinikizo. Mtu akikuahidi upako usio na Gethsemane, mwulize ameusoma wapi.

Chupa ya mama mmoja

Tunasema hivyo kwa sababu. Mama mmoja wa usharika wetu alitujia siku moja ameshika chupa ndogo ya mafuta. Alikuwa ameinunua kwa mhubiri mmoja mgeni. Fedha aliyolipa ndiyo ile ambayo wanawe walikuwa wamemtumia ili ampeleke baba yao hospitali. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu ulikuwa na kidonda. Mama aliambiwa ampake kila asubuhi, na kwamba kurudi kwa daktari ni kukosa imani. Alipaka majuma matatu. Kidonda kikazidi kunuka. Mama alituuliza swali moja tu, machozi yakimtoka: "Je, imani yangu ni ndogo?"

Tulimjibu, "La, mama. Si imani yako iliyopungua. Umeuziwa kitu ambacho Mungu hauzi." Siku ile ile tulichangishana nauli tukampeleka mzee hospitali. Vidole viwili vilikuwa vimekwisha kuharibika, vikakatwa. Lakini mzee yu hai, na Jumapili hukaa kwenye kiti cha nyuma, mkongojo wake ukiwa umeegemezwa ukutani.

Wapenzi, hatudharau mafuta. Yakobo atuagiza kwamba mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana (Yakobo 5:14). Lakini soma vizuri. Mgonjwa hatumwi kununua. Wazee ndio wanaokuja kwake. Tena Yakobo hasemi kwamba mafuta ndiyo yaokoayo. Asema ni kuomba kwa imani, na Bwana ndiye amwinuaye mgonjwa. Na katika siku zile mafuta ya zeituni yalikuwa dawa ya kawaida, kama Isaya aonyeshavyo katika sura yake ya kwanza. Kwa hiyo maombi na matibabu si maadui.

Rudini sasa kwa Msamaria. Alimimina mafuta, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, na kesho yake akatoa dinari mbili kwa ajili ya kutunzwa kwake. Ni nani aliyelipa? Aliyemimina mafuta ndiye aliyelipa, wala si yule aliyejeruhiwa. Hicho ndicho kipimo, ndugu. Ukiona mafuta yanamiminwa na majeruhi ndiye anayelipishwa, jua kwamba huyo si Msamaria. Simoni wa Samaria naye alidhani karama ya Mungu hupatikana kwa fedha, na Petro akamkemea vikali (Matendo 8).

Mzeituni mwitu wa kwetu

Tulisema mwanzoni kwamba huenda unao mzeituni nyuma ya boma lako. Katika nyanda zetu za juu upo mti mgumu ambao Wakikuyu huuita mutamaiyo, Wamaasai oloirien, na Wakalenjin emitiot. Kuni zake huwaka vizuri sana, na makaa yake ni mazito. Wamaasai hutumia vijiti vyake vyenye moto kusafishia vibuyu vya maziwa, na maziwa hupata harufu nzuri. Wataalamu wa mimea watuambia kwamba mti huo ni mzeituni. Wanauhesabu kuwa wa aina moja na ule wa Yerusalemu, ila wenyewe ni wa mwituni. Matunda yake ni madogo, yenye nyama kidogo juu ya kokwa, na walaji wake wakubwa ni ndege.

Basi tukisoma Warumi 11 sisi watu wa Kenya tusome tukiwa tumesimama chini ya mutamaiyo. Paulo awaambia watu wa mataifa kwamba walikuwa matawi ya mzeituni mwitu, wakapandikizwa katika mzeituni mwema, wakashiriki unono wa shina lake. Wakulima wetu wa maparachichi kule Murang'a na wa maembe kule Makueni wanaijua kazi hiyo. Wao huchukua kikonyo cha mti mwema na kukipandikiza juu ya mche wa kienyeji. Hakuna mkulima afanyaye kinyume, kuchukua tawi la mwituni lisilo na faida na kulitia katika shina bora. Naye Paulo alijua hivyo, kwa maana asema wazi katika mstari wa 24 kwamba jambo hilo ni kinyume cha asili. Mungu alitufanyia sisi jambo ambalo mkulima mwenye akili hafanyi. Hiyo ndiyo neema.

Kwa hiyo Paulo alikataza tawi lisijisifu. Tawi halilichukui shina. Shina ndilo linalolichukua tawi. Neno hilo latugusa sisi tuliozaliwa katika nyumba za Kikristo. Wako wasemao, "Babu yangu ndiye aliyejenga kanisa hili," na kwa hiyo hawataki mtu wa kabila lingine awe mzee wa kanisa. Wako wanaowatazama Wayahudi kwa dharau, na kusahau kwamba manabii, mitume na Bwana wetu mwenyewe kwa jinsi ya mwili walitoka kwao. Wako wanaomtazama kijana mlevi aliyeokoka juzi kama tawi la msituni. Ndugu, sisi sote ni wa msituni. Kama Mungu hakuyaachilia matawi ya asili, anaweza kutukata na sisi. Na kama alitupandikiza sisi, aweza kumpandikiza huyo kijana pia.

Neno la mwisho

Yothamu alisimulia mfano katika Waamuzi sura ya 9. Miti ilikwenda kumtafuta mfalme, na mti wa kwanza walioujia ulikuwa mzeituni. Mzeituni ukakataa. Uliuliza kama inafaa uache mafuta yake, ambayo kwayo Mungu na wanadamu huheshimiwa, ili uende kuyumbayumba juu ya miti mingine. Mwishowe mti wa miiba ndio uliokubali. Msikilizaji mpenzi, pengine huna cheo. Huenda wewe ni mama unayelea wajukuu walioachwa yatima, au mwalimu wa Shule ya Jumapili asiyeshukuriwa na mtu. Usiyaache mafuta yako kwenda kutafuta kiti. Endelea kuzaa.

Na wewe uliye katika shinikizo leo, kwa ugonjwa, au deni, au mtoto aliyepotea, hatutakuambia kwamba haliumizi. Zeituni hupondwa kweli. Lakini Bwana wetu alikutangulia Gethsemane, na anajua uzito wa jiwe lile. Hapo ulipo hauko peke yako.

Na tuombe. Ee Baba yetu, twakushukuru kwa kuwa ulituchukua sisi tuliokuwa matawi ya mwituni, ukatutia katika mti wako mwema. Utuondolee kiburi. Uwalinde wagonjwa wetu na wale wanaofanya biashara ya machozi yao. Utufanye sisi kuwa watu wa kumimina mafuta na kulipa gharama, kama alivyofanya Mwanao. Wale wanaokandamizwa usiku huu, uwape kuiona nuru yako. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo, Mpakwa Mafuta wako. Amina.

Mbaki na amani ya Bwana mpaka tukutane tena.